Kelele za Umeme Mjini na Sauti Zitokazo Mbali

Wapo wasomaji wetu wengi waliolelewa katika nyumba ambamo redio ya masafa mafupi ilikuwa kama mkubwa wa nyumba: mtoto haigusi, na ikisema wote hunyamaza. Sisi tuliijua redio ya namna hiyo katika shule ya misheni. Mwalimu wetu mmoja alikuwa na mashine kubwa juu ya meza, na waya wake ulifungwa kileleni mwa mwembe ukashuka na kupita dirishani. Usiku, baada ya sala, aliwaruhusu wanafunzi watatu au wanne waketi naye. Tulisikia London na Cologne zikisema Kiswahili. Lakini katikati ya vituo hivyo tulisikia jambo lililotushangaza zaidi, yaani watu wasio watangazaji, kila mmoja akiwa nyumbani kwake, wakiitana kutoka nchi moja hadi nyingine kwa herufi na tarakimu, wakiulizana hali ya hewa, kisha wakiagana kwa adabu kama watu waliokutana njiani.

Hao ndio waitwao waendesha redio wa ridhaa. Kanuni za kimataifa zawaeleza kuwa ni watu walioruhusiwa rasmi, wapendao ufundi wa redio kwa ajili ya kujifunza, kuwasiliana na kuchunguza, wala hawatafuti fedha kwa kazi hiyo. Kila mmoja hupewa na serikali yake jina la hewani, na herufi za mwanzo za jina hilo hutaja nchi: Tanzania 5H, Kenya 5Z, Uganda 5X, Rwanda 9X, Burundi 9U, Kongo 9Q. Katika siku za ukoloni Tanganyika ilikuwa VQ3, Kenya VQ4, Uganda VQ5 na Unguja VQ1. Kusikiliza ni ruhusa kwa kila mtu. Lakini kurusha sauti hewani kwataka leseni, na hapa Tanzania leseni hiyo hutolewa na Mamlaka ya Mawasiliano.

Leo twataka kusema juu ya jambo linalowasumbua watu hao, nalo lawagusa pia wengi wasiojua kwamba lawagusa. Jambo lenyewe ni kelele. Hatusemi kelele za baa wala za bodaboda, ambazo zina wasemaji wa kutosha. Twasema juu ya kelele ya umeme, isiyosikika kwa sikio tupu, ijazayo hewa ya miji yetu usiku na mchana kama moshi ujazavyo jiko lisilo na dirisha.

Tulipohamia Dar es Salaam tulinunua redio ndogo ya masafa mafupi, iwezayo kupokea hata alama za Morse. Tuliifungua saa tatu usiku kwa hamu ya zamani, tukakuta ukuta. Kutoka mwanzo wa masafa hadi mwisho palikuwa na mvumo mmoja mzito, kama nyuki waliofungiwa ndani ya debe, na kila hatua chache mvumo huo ulipanda ukawa mlio mkali, kisha ukashuka, kisha ukapanda tena. Tukafanya kama wafanyavyo wengi: tukailaumu redio. Kisha tukaulaumu ulimwengu, tukasema vituo vimefungwa. Ni kweli kwamba vituo vingi vya masafa mafupi vimefungwa tangu miaka ya 1990. Lakini rafiki yetu mmoja, fundi mwenye leseni ya redio ya ridhaa, alitucheka. Alisema, "Ndugu mhariri, umemhukumu mshitakiwa bila kumwita shahidi. Zima meni swichi."

Tulizima. Nyumba ikawa giza, na redio ikabaki kwa betri zake. Mvumo ukapungua kidogo, kama kundi la wagomvi ambalo mmoja wao ameondoka. Tukawasha tena, tukachomoa kitu kimoja kimoja. Jokofu halikuwa na neno. Pasi haikuwa na neno. Lakini chaja ya simu, tuliyoinunua barabarani kwa bei ya chai na andazi, ndiyo iliyokuwa na sehemu yake katika fujo ile. Aibu ilitupata, kwa kuwa tulikuwa tayari kuwashitaki majirani, kumbe mwizi mmoja alikuwa akilala chumbani mwetu.

Kelele iliyobaki ilitoka nje. Msomaji apendaye kujaribu na ajaribu jambo hili, halina gharama. Ndani ya redio nyingi ndogo mna fimbo nyeusi ya feraiti iliyozungushiwa waya. Hiyo ndiyo antena ya masafa ya kati. Fimbo hiyo husikia sana kwa ubavu, na kwa ncha husikia kidogo mno. Ukiizungusha redio mkononi mpaka kelele ikafifia, basi ncha ya fimbo yaelekea kwenye chanzo. Ukipima hivyo mahali pawili, mistari miwili itakutana pale unapopatafuta. Sisi na rafiki yetu tulishuka ngazi tukizungusha redio kama waganga wenye vibuyu, watoto wakitufuata, mpaka tukafika chumba cha chini cha mbele, kwa mzee mmoja fundi cherehani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, wanangu. Karibuni. Suruali au kanzu?"

Tulimweleza kwamba hatukuja kwa nguo, tumefuata kelele. Mzee akauondoa mguu katika pedali, akasikiliza. "Kelele gani? Mashine nimesimamisha."

Rafiki yetu akaisogeza redio karibu na taa ndefu ya LED iliyoning'inia juu ya meza. Mvumo ukawa ngurumo. Mzee akavua miwani yake.

"Kumbe taa nayo husema?"

"Yasema, mzee, na jengo zima lasikia."

"Basi mwaniambia niizime? Mwezi wa kwanza huu. Sare hizi wenyewe wanazitaka kesho alfajiri, na macho yangu ndiyo haya mnayoyaona."

Hatukuwa na jibu. Haiwezekani mtu kuambiwa aache riziki yake ili mwingine asikie Morse ya ng'ambo. Tuliondoka tukiwa na jambo la kufikiri, na hapa twalileta mbele ya wasomaji.

Kwanza yafaa kujua kwa nini taa isemе. Umeme wa majumbani hugeuka mwelekeo wake mara 100 kwa sekunde. Vyombo vya zamani viliupunguza kwa transfoma ya chuma na shaba, nzito kama tofali, lakini kimya. Vyombo vya leo, yaani chaja, taa za LED, ving'amuzi, kompyuta na inveta za umeme wa jua, huukata umeme vipande vipande, makumi ya maelfu ya mara kwa kila sekunde, kwa swichi ndogo isiyoonekana. Njia hiyo ni nyepesi, hupoteza umeme kidogo, na hatuilaumu. Lakini kila mkato ni pigo kali, na pigo kali huzaa mawimbi ya kila namna, tangu kilohezi chache hadi megahezi nyingi. Nyaya za nyumba huyapokea mawimbi hayo zikayarusha kama antena. Dawa yake yajulikana: koili ndogo na kapasita chache mlangoni mwa chombo, ili pigo libaki ndani. Ukiifungua chaja ya bei ya kutupa, mara nyingi waona nafasi ya koili imeachwa wazi katika ubao wake, na kipande cha waya kimeunganishwa mahali pake. Aliyeichora alijua, na aliyeitengeneza aliona aheri aweke akiba senti zile. Hasara akaachiwa jirani wa mnunuzi.

Twajua kwamba msomaji atauliza: huyo anayesikiliza apata nini chenye thamani kuliko taa ya fundi cherehani? Swali ni la haki, na jibu lake lataka turudi nyuma miaka mia na zaidi.

Mwaka 1912 sheria ya Marekani iliwafukuza watu wa ridhaa katika mawimbi marefu, yaliyothaminiwa na majeshi na makampuni, ikawaachia mawimbi ya mita 200 na mafupi kuliko hayo. Wataalamu waliyaona hayo kuwa takataka, yasiyofika mbali. Watu wa ridhaa wakaenda kuishi jalalani, na jalalani wakaokota dhahabu. Mwezi Desemba 1921 Mmarekani mmoja, Paul Godley, aliketi ndani ya hema katika pwani ya Ardrossan, Scotland, katika baridi na mvua, akasikia mitambo ya wenzake iliyokuwa ng'ambo ya bahari ya Atlantiki. Mwezi Novemba 1923 Mfaransa Léon Deloy wa mji wa Nice alizungumza na Fred Schnell wa Connecticut, mmoja akiuliza na mwingine akijibu, kwa wimbi la mita 110 hivi. Na tarehe 18 Oktoba 1924 mwanafunzi wa shule ya Mill Hill, London, jina lake Cecil Goyder, alijibiwa na Frank Bell, mfugaji wa kondoo katika bonde la Shag kule New Zealand. Kati yao palikuwa na zaidi ya kilomita 18,000, na huwezi kwenda mbali sana kuliko hapo duniani bila kuanza kurudi. Dada yake Bell, Brenda, aliushika mtambo ule baada ya kaka yake, na mwaka 1927 akawa mtu wa kwanza wa New Zealand kuzungumza na Afrika Kusini kwa redio.

Mvulana wa shule na mchunga kondoo! Hawakuwa na serikali nyuma yao wala kampuni. Mawimbi yao yalipanda juu, yakagonga tabaka za hewa zilizochajiwa na jua mamia ya kilomita juu ya vichwa vyetu, yakarudi chini, yakapanda tena, mpaka yakaizunguka dunia. Tabaka hizo hupata nguvu na kupungukiwa kwa mzunguko wa miaka 11 hivi, kwa kufuata madoa ya jua. Kilele cha 1957 na 1958 ndicho kikubwa kuliko vyote vilivyopata kupimwa, na kilele cha karibuni kilikuwa mwaka 2024. Jua, basi, halijatuacha. Njia ile ya Goyder na Bell ingali wazi, na sauti kutoka New Zealand zingali zafika juu ya paa za Dar es Salaam. Kilichobadilika ni paa zenyewe na yaliyo chini yake.

Na hapa tungependa kumtaja mtu ambaye wafanyakazi wetu wangempenda wangalimjua zaidi. Grote Reber alikuwa mhandisi wa redio mjini Chicago na mtu wa ridhaa. Alikuwa amekwisha kuzungumza na nchi zaidi ya 60, akaona dunia imemwishia. Wakati huo alisoma habari za Karl Jansky, aliyetumwa na mwajiri wake kutafuta kelele zilizosumbua simu za kuvuka Atlantiki. Jansky alizigawa kelele hizo katika mafungu matatu: radi za karibu, radi za mbali, na mvumo mwembamba usio na mwenyewe. Mwaka 1933 alitangaza kwamba mvumo ule wa tatu watoka katika ule mkanda mweupe wa nyota uonekanao usiku usio na mwezi. Wenye elimu ya nyota hawakushughulika sana. Reber akashughulika. Mwaka 1937, kwa fedha zake mwenyewe na kwa mikono yake, alijenga katika uwanja wa nyumbani kwao, mji mdogo wa Wheaton, Illinois, bakuli la mbao na bati lenye upana wa karibu mita 10, likitazama mbinguni.

Alijaribu masafa ya juu sana, asisikie kitu. Akashuka, asisikie kitu tena. Mara ya tatu, kwa megahezi 160, akasikia. Lakini mchana hakuweza kufanya kazi, kwa sababu magari yapitayo barabarani yalirusha cheche za plagi zao, na kila cheche ilichora mwiba katika karatasi ya chombo chake. Basi alikwenda kazini Chicago mchana, akarudi, akala, akalala kidogo, akaamka usiku wa manane. Na tangu saa sita usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, magari yakiwa yamelala, aliisikiliza mbingu. Asubuhi akaenda tena kazini. Hivyo ndivyo ilivyochorwa ramani ya kwanza ya anga kwa redio, aliyoitoa mwaka 1944, na kwa karibu miaka 10 yeye peke yake alikuwa ndiye elimu nzima ya nyota kwa redio duniani. Katika michoro yake miiba ya magari yaonekana mpaka leo. Mwaka 1954 alihamia Tasmania, kusini mwa Australia, kwa kuwa alitaka anga tulivu, na huko alifia mwaka 2002.

Cheche za magari zilipungua baadaye. Magari hayakukatazwa, waya za plagi ziliwekewa ukinzani, jambo dogo la kiwandani, na dereva hakuhisi tofauti yoyote.

Ni kiasi gani basi mji hukaza kelele kuliko shamba? Shirika la Kimataifa la Mawasiliano hutumia vipimo vilivyofanywa hasa Marekani kabla ya katikati ya miaka ya 1970. Kwa vipimo hivyo, katika masafa ya megahezi 14, kelele ya mjini ina nguvu mara 9 hivi kuliko ya mashambani, na zaidi ya mara 200 kuliko ya mahali palipo kimya kabisa, mbali na nyaya zote. Msomaji na akumbuke kwamba hesabu hiyo ilipigwa kabla ya chaja za simu na taa za LED kuzaliwa.

Mtu wa ridhaa akaaye mjini hujitetea kwa njia nyingi, na baadhi yake ni za werevu wa kupendeza. Antena huiweka mbali na nyaya za nyumba kadiri awezavyo, hata ikiwa ni mwisho wa paa, akailaza badala ya kuisimamisha, kwa kuwa antena iliyosimama huokota kelele nyingi zaidi. Waya utokao kwenye antena huupitisha mara kadhaa ndani ya pete za feraiti, ili kelele ya nyumba isipande kwa ngozi ya waya huo na kuingia redioni kwa mlango wa nyuma. Asiye na paa hutumia kitanzi kidogo cha shaba dirishani, akikizungusha kama tulivyoizungusha fimbo yetu, mpaka kelele ya jirani iangukie upande usiosikia. Wengine huchukua betri na waya wakaenda ufukweni au mlimani Jumapili. Wengine huuacha mtambo shambani na kuuongoza kwa intaneti wakiwa mjini, jambo ambalo sisi twaliona kama kuvua samaki kwa kumtuma mtu, lakini hatugombani nao.

Iko pia njia ya hesabu. Joe Taylor, Mmarekani aliyepewa tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1993, naye ni mtu wa ridhaa. Mwaka 2017 yeye na mwenzake Steven Franke walitoa mtindo uitwao FT8, ambao kompyuta hutuma ujumbe mfupi wa sekunde 15 na kuuchimbua hata ukiwa chini ya kelele zaidi ya mara mia. Sikio halisikii kitu, na huku kioo chaandika jina la mtu wa Japani. Umesaidia wengi wa mijini waliokuwa wamekata tamaa. Hata hivyo, kwa maoni yetu, ujumbe wenyewe ni mkavu: jina, mahali, nguvu ya sauti, kwaheri. Hakuna nafasi ya kuuliza habari za mvua.

Upande wetu wa dunia una neno lake la pekee. Kwa watu wa ridhaa wa Ulaya, Marekani na Japani, sauti ya Afrika Mashariki ni adimu. 5H mmoja akiita, makumi humjibu kwa pamoja, wakipandiana kama abiria wa daladala saa ya kutoka kazini. Wao humsikia vizuri. Tabu ni kwake yeye, aliye katikati ya kelele za mji wake na radi za kitropiki, kwa kuwa bonde la Kongo ni miongoni mwa mahali penye radi nyingi kuliko kwote duniani, na mipasuko yake hutufikia usiku katika masafa ya chini. Radi hatuwezi kuizuia.

Wapo watakaosema kwamba hata hivyo ni mchezo tu. Mwezi Desemba 2004 kikundi cha watu wa ridhaa wa India, kikiongozwa na mama Bharathi Prasad, kilikuwa Port Blair katika visiwa vya Andaman. Kilikuwa kimepata ruhusa adimu ya kurusha kutoka visiwani humo, na kila siku kiliitwa na watu wa dunia nzima waliotaka kuiongeza Andaman katika orodha zao. Mchezo, naam. Tarehe 26 asubuhi bahari ikapanda. Mawimbi yale yale yalivuka bahari ya Hindi yakaua watu hata pwani ya Somalia na ya kwetu. Andaman simu zilikatika na umeme ukakatika. Mtambo wa mchezo ukatolewa nje, ukawashwa, ukawa mdomo wa visiwa, ukipeleka bara majina ya waliopona na mahitaji ya waliojeruhiwa. Hapa kwetu nako, tangu miaka ya 1960, hospitali za pori ziliwaita madaktari wa ndege kwa redio za masafa mafupi. Asikiaye upande wa pili lazima aweze kusikia. Ikiwa kati yake na anayeomba msaada iko taa isiyo na koili, taa hiyo haijui kwamba saa hii si ya mchezo.

Viwango vipo. Tangu mwaka 1934 iko kamati ya kimataifa iitwayo CISPR, ambayo kazi yake ni kuweka mipaka ya kelele ambayo chombo cha umeme chaweza kurusha, na nchi nyingi zimeiingiza mipaka hiyo katika sheria zao. Lakini alama ya ubora yaweza kuchapwa na yeyote mwenye mashine ya kuchapa. Mnunuzi sokoni hana kipimo. Ana macho na mfuko. Hatuoni haki kumlaumu mtu ambaye mshahara wake wampeleka kwenye chaja ya barabarani. Mahali pa kukamata kelele ni bandarini na kiwandani, kabla ya kasha kufunguliwa. Chombo kimoja cha kupimia pale, na mfanyakazi aliyefunzwa kukitumia, kingeokoa kazi ya kupanda na kushuka ngazi elfu kama tulivyofanya sisi.

Sasa turudi kwa mzee. Rafiki yetu alimfuata siku ya pili na pete mbili za feraiti, akazungushia waya wa taa. Kelele ikapungua, lakini haikutosha. Tukachanga fedha, sisi na wakazi wengine wawili wa jengo, tukamnunulia kifaa kingine cha kulishia taa ile, chenye koili zake zote. Gharama yake haikuzidi nauli ya juma moja. Taa ikawaka kama zamani.

Ili kujua tumepata nini, tulitumia mizani isiyodanganya. Watu wa ridhaa wameweka duniani mitambo 18 ya alama, inayopokezana katika masafa matano, kila mmoja ukisema kwa sekunde 10, na duara huisha kwa dakika tatu. Wa Kenya waitwa 5Z4B, na zamu yake hufuata ile ya Afrika Kusini, ZS6DN. Kila mtambo hutaja jina lake kwa Morse, kisha hupiga vistari vinne virefu: cha kwanza kwa nguvu ya wati 100, cha pili wati 10, cha tatu wati 1, cha nne sehemu moja ya kumi ya wati. Basi mtu huhesabu ni vistari vingapi amevisikia. Kabla ya kazi ile, jioni katika megahezi 14.100, Afrika Kusini ilitupa kistari kimoja, tena kwa taabu. Baada yake tulihesabu vitatu. Wati moja, nguvu isiyotosha kuwasha taa ya chumba, ilikuwa imetoka Pretoria ikafika kitandani petu.

Kwa mzee tulipita baada ya siku kadhaa, kuuliza kama taa haimsumbui. Tulimkuta anashona, na juu ya rundo la sare palikuwa na redio ndogo kuukuu yenye kifuniko kilichofungwa kwa uzi. Ilikuwa ikisema Kiswahili, kutoka ng'ambo, kwa masafa mafupi.

"Hii," alisema, "niliiweka kabatini tangu niliponunua taa. Nilidhani wamefunga."

Tukataka kumjibu, lakini alituashiria kwa mkasi tunyamaze. Taarifa ya habari ilikuwa imeanza.